Ndege wa Arobaini

Mpaka leo nikimsikia tetere analia huinamisha kichwa, maana aibu niliyoipata Maskati mwaka wa sitini na sita niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu.

Nilikuwa mpweke, sifichi. Kwetu Unguja mimi na kaka yangu Salum tulikuwa tukiandika ndege wapya tuliowaona kila mwaka, na mwisho wa mwaka tunalinganisha madaftari na kubishana mpaka mama atufukuze ukumbini. Maskati niliendelea kuandika (mtu mzima na darubini, watu walinikwepa, nami siwalaumu), nikimpelekea Salum barua zisizojibiwa. Siku ya mwisho ya mwaka nina ndege thelathini na tisa, alasiri natazama dirishani, namwona tetere juu ya ukuta wa jirani, bawa moja la kawaida, la pili rangi ya kiini cha yai!

Ningesubiri nimtazame vizuri, yasingenifika. Lakini nilitamani mtu mmoja tu wa kumwambia, basi nikatoka mbio hadi barzani, nikawaeleza wanaume waliokuwa wakinywa kahawa, kwa Kiarabu changu cha kuombea maji, kwamba kuna ndege hajapata kuonekana duniani. Wakanyanyuka wote. Tukasimama chini ya ukuta, mimi nahutubia, nawaeleza mpaka njia aliyopita kutoka Bara Hindi (niliitunga palepale), mara mlango ukafunguliwa, akatoka bibi kizee, akanyoosha mkono, na ndege wangu akamshukia kiganjani.

Akawaambia kwa Kiarabu kwamba paka alimjeruhi bawa, naye akamtia manjano apone.

"Wallahi, ustadhi," mmoja akaniambia huku anafuta machozi ya kicheko, "njoo na kwangu, nina mbuzi mwenye hina!"

Walipoondoka, yule bibi akanigeukia, na kwa Kiswahili cha kwetu kabisa akasema: "Mwanangu, mamaako hakukutia manjano ulipojikata?"

Mwaka mzima tumetengwa na ukuta mmoja!

"Nnakusikia kila siku hapo dirishani unazungumza na ndege," akasema. "Nikadhani watu huwataki."

Tangu siku ile sitangazi ndege kabla sijabisha hodi kwa jirani. Lakini yule wa manjano sikumfuta daftarini, yumo, wa arobaini, kwani wale thelathini na tisa wote niliwaona peke yangu.