Mwari Aliyetuchukia Kyavinyonge

Mwezi uliopita nilishuka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mukaka, mama wa mama yangu. Moto, pikipiki ya abiria, iliniacha karibu na soko, vumbi hadi kwenye meno, na kabla sijafuta uso harufu ikanishika: samaki wanaokaukia juu ya moshi, tope la ziwa, mavi ya ndege. Hasira ya zamani ikaamka palepale. Wewe rafiki yangu labda unazikumbuka vakansi zako, zile likizo za shule, kwa utamu. Mimi zangu ziliuma, na niseme ukweli, ziliuma vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba alinitoa Butembo, kwenye baridi na sweta, akaniacha kwa Mukaka kwenye joto la ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba, kupasua matumbo na kugeuza tilapia juu ya waya huku moshi ukinila macho. Mukaka hakuwa bibi wa kubembeleza. Ukivunja samaki, mwiko ulikufikia mgongoni kabla ya neno. "Mutoto wa Butembo," alisema, "mikono yako iko laini kama ya padiri." Jioni tulikula bugali na vichwa vya samaki, kila mtu akitazama sahani yake.

Chini, karibu na maji, mama mmoja daktari wa wanyama, Mprotestanti kutoka Beni, alikuwa amezungusha uwa wa matete na kuchimba kidimbwi. Humo alitibu viumbe wa ziwa waliokatwa na nyavu na ndoano: kobe, fisi-maji, ndege. Hakuwa na pesa ya kulipa mtu, kwa hiyo alipokea yeyote mwenye mikono. Kijiji hakikumtaka. Wavuvi walisema anaponya wezi wanaopasua nyavu zao. Mukaka aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga uwa ule hata siku moja.

Nikaenda kujitolea siku ileile. Usidhani ni huruma. Nilitafuta mahali ambapo Mukaka hataingia.

Mgonjwa mkubwa alikuwa mwari, yule ndege mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Ndoano ilikuwa imeupasua mfuko wake. Mimi nilishika mdomo, daktari akakata chuma kwa koleo na kushona, na ndege akanipiga bawa la uso hadi nikaona nyota mchana. Kila asubuhi nilimletea samaki wadogo, na kila asubuhi alinipiga mdomo mkononi kwanza, kisha ndipo akala. Nilisafisha mavi yake. Nilimwagia maji jua lilipokuwa kali. Hakunizoea hata kidogo.

"Ananichukia," nilimwambia daktari.

"Ni haki yake," alijibu bila kuinua macho. "Hatumuchungi ili atupende. Tunamuchunga juu angali muzima. Chukua fagio."

Kwake pia hapakuwa na asante. Nikirudi nyumbani Mukaka ananinusa kama nyama iliyooza. "Ziwa hailishake mutu mara mbili," alinifokea, "na nyinyi munapana samaki kwa shetani mweupe!"

Kisha ziwa likakataa. Pirogi, mitumbwi ya wavuvi, zilirudi tupu, siku baada ya siku. Akina mama wakakaa mbele ya waya zisizo na samaki, wakitafuta wa kumlaumu. Mchana mmoja daktari alikuwa amepanda Beni kutafuta dawa, mimi peke yangu nikiwa uwani, nikasikia sauti zinashuka. Jirani yetu mvuvi, ambaye mke wake alikuwa ametoka kujifungua, alikuwa mbele na kasia mkononi.

"Fungua, mutoto. Leta ile ndege. Batoto betu balale njala, yeye ashibe?"

Nilifunga mlango wa matete kwa kamba, nikaushikilia kwa mgongo. Nyuma yangu mwari alikuwa akigonga mdomo wake kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyewaita.

Ndipo nikasikia sauti niliyoijua kuliko zote.

"Mwenye atagusa huu mulango, atakuwa amegusa mujukuu wangu."

"Mukaka, hata weye hupendake ile ndege!" jirani alilalamika.

"Mimi njo nilitangulia kuichukia. Mungojee zamu yenu!"

Mtu alicheka. Mwingine, sijui nani hadi leo, akarusha jiwe. Nilisikia likigonga mfupa. Kisha miguu ikapanda kilima mmoja mmoja. Nilipofungua, Mukaka alikuwa amesimama wima, damu ikimshuka juu ya jicho. Nilitaka kumkumbatia. Akanisukuma, akaingia.

Alimtazama mwari. Mwari akamtazama, kisha akaruka kumuuma.

"Ni mubaya kama weye," Mukaka aliniambia. "Fungua upande wa maji. Kesho batarudia."

Nilifungua. Ndege hakutaka kutoka. Mukaka akavua kitenge cha juu, akamfukuza nacho akimtukana kwa Kinande, lugha yetu, hadi ndege akafika majini, akakimbia juu ya maji, akaruka. Hakugeuka.

Daktari aliporudi alitufokea. "Mulimufungulia na kidonda mubichi? Atakufa!"

"Na yangu ni mubichi pia," Mukaka alijibu.

Hawakusalimiana tena. Daktari alifunga virago akarudi Beni kabla ya vakansi kwisha. Kama mwari alipona, hakuna aliyejua. Jioni ile ya jiwe, nikiwa bado nalia, Mukaka alinipiga mwiko kwa kuchelewa kuwasha moto. Tangu hapo nilielewa mwiko ule unasema nini, ingawa uliendelea kuuma.

Sasa matete hayapo. Kidimbwi kimezibwa, mtu amepanda muhogo juu yake. Mbali kwenye maji kulikuwa na mwari wengi, weupe, wakielea bila kujali mtu. Nilitembea kijiji kizima tangu mwanzo hadi mwisho. Wote walinisalimia kwa upole, wakaniletea kiti, wakaniita mgeni. Hakuna hata mmoja aliyenigombeza.