Mchu kwa Wino Mwekundu

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye duka la fotokopi hapa Kismayo, mtihani wa Kiswahili mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mhariri alikuwa akinihimiza nimalize sura ya kitabu changu kuhusu maneno ya Kibajuni, lahaja yetu ya Kiswahili. Nyumbani, kijimashua ninachochonga kujiburudisha hakijapata tanga tangu Ramadhani. Siku hizi hata chai naimeza nikiwa nimesimama.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa kisiwa cha Chula. Nilipoisikia lafudhi yake, masikio yakanisimama. Nikamwomba nirekodi sauti yake kwa ajili ya kitabu. Akakubali, akaliweka sawa buibui lake kana kwamba nampiga picha.

Nikamnyooshea kidole muuza duka. "Bibi, huyu si jini wala mnyama. Kwenu mwamwitaje?"

Nilingojea neno letu, mchu. Akakaza midomo, akalitoa polepole: "Mtu."

"Huko Chula?"

"Zamani tulikuwa twasema mchu. Nimeacha. Mjukuu wangu asema ni kosa, shuleni mwalimu hulikata kwa wino mwekundu."

Nikamuuliza ni shule gani. Akaitaja ninayofundisha, na Kiswahili hapo nafundisha peke yangu.

Kalamu nyekundu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliifunika kwa simu, nayo simu bado inarekodi.

Jioni mhariri akapiga tena, akitaka kujua kwa nini sura imechelewa. Nikamwambia wasemaji wanapungua.