Swali Nililoliacha

Kwa watu wengi wa Bukoba, harufu ya senene, wale panzi wa kuliwa, wakikaangwa ni sikukuu. Jirani akiinjika kikaango, watoto wa mtaa mzima hujikuta wana shughuli karibu na mlango wake, na hata watu wasiosalimiana mwaka mzima hukumbuka ghafla kujuliana hali. Mimi harufu hiyo hunikata tumbo. Senene huja Novemba, na Novemba ndiyo mtihani wa kidato cha nne, na pua yangu haijawahi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Hadi leo nikirudi nyumbani Miembeni nikakuta wanakaangwa, viganja hunilowa jasho, na namba yangu ya mtahiniwa hunijia kichwani kama vile msimamizi amenisimamia. Mume wangu hunicheka. Husema mimi ndiye Mhaya wa kwanza duniani kuogopa senene.

Hofu yenyewe ilianza zamani kuliko mtihani. Baba yangu, Taata kama tulivyomwita kwa Kihaya, alikuwa mkatekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango chetu, kanisa dogo la kijijini huko Izimbya. Siku za juma alikuwa mkulima kama wenzake, akipogoa migomba na kuanika kahawa kwenye kibanja chetu, lakini Jumamosi alivaa shati jeupe na kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alifundisha kwa njia moja tu: yeye anauliza, wewe unasimama, unajibu neno kwa neno. Hakukuwa na kuchagua swali. Mwisho wa mafundisho alikuja Padre kutuhoji mmoja mmoja, na aliyekwama swali moja alirudishwa kusoma mwaka mzima tena. Nilipokuwa na miaka tisa, gauni langu jeupe likiwa limeshashonwa na linaning'inia nyuma ya mlango, Padre alinitaka nizitaje Amri za Kanisa. Nilizitaja zote ila moja. Ile moja nilikuwa nimeiimba asubuhi yake nikichota maji, lakini pale mbele ya watu ilitoweka, na nilivyoitafuta ndivyo ilivyozidi kwenda mbali. Padre na Taata walisogea pembeni wakanong'onezana kidogo. Kisha jina langu likasomwa pamoja na ya waliorudishwa. Nyuma yangu mama mmoja alisema, si kwa sauti ndogo sana, kwamba mganga hajigangi. Taata alitembea mbele yangu hadi nyumbani, nami nilitembea nyuma nikivitazama visigino vya viatu vyake. Njiani nilijiwekea sheria ambayo hakuna aliyenifundisha: swali la Mungu haliachwi.

Miaka minane baadaye nilikuwa kidato cha nne kwenye shule moja ya bweni huko Muleba, na miongoni mwa masomo yangu lilikuwemo la Maarifa ya Biblia. Kwa mtoto wa mkatekista watu walidhani hilo ni la kuokota tu. Taata naye, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alilitangaza kigangoni baada ya ibada ya Jumapili na kuomba niombewe. Alinieleza hivyo nikiwa likizo, akitabasamu. Sasa si baba peke yake aliyekuwa akinisubiri. Kigango kizima kilikuwa kinasubiri, pamoja na yule mama wa mganga hajigangi. Nikajifungia na Biblia. Nilisoma vitabu vya Samweli mpaka nikawa naota mapango aliyojifichia Daudi. Kitu kimoja tu sikukisoma, nacho ni maelekezo yaliyoandikwa juu ya karatasi ya mtihani.

Kwenye mtihani wa majaribio, tuliouita moko, sehemu ya mwisho ilikuwa na insha tatu, na maelekezo yalisema tujibu mbili. Niliyaona maneno hayo. Siwezi kudanganya kwamba sikuyaona. Niliyasoma nikadhani ni mtego, kwamba wanataka kuona nani atalikimbia neno la Mungu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikajibu zote tatu. Ili muda unitoshe niliyaruka maswali mafupi kwa maneno mawili matatu kila moja, na insha zenyewe nikaziandika mbio mbio, nikiiacha ile niliyoijua vizuri iwe ya mwisho kama mtu anayeweka nyama pembeni ya sahani. Karatasi iliporudi, insha ya tatu ilikuwa imepigwa mstari mrefu mwekundu kutoka juu hadi chini. Haikusomwa hata sentensi moja. Nilikuwa nimepata F ya Biblia.

Mwalimu Mwombeki, aliyetufundisha somo hilo, alikuwa Mlutheri mpole mwenye tabia ya kufuta miwani yake kwa ncha ya tai. Aliniita ofisini akaniuliza nani alinituma kujibu matatu. Nikamjibu kwamba ni maswali ya neno la Mungu, nitayaachaje. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aligeuza karatasi yangu, akachora mistari miwili kuigawa mara tatu, akaanza kunieleza polepole kama anayemwonyesha mgeni njia. Hapa juu, alisema, ni maswali ya kuchagua herufi na ya kuoanisha. Hapa wanapima kama umesoma, usikae sana. Hapa katikati ni maswali mafupi, yote ya lazima, na humu ndimo wengi wanamoponea; jibu kwa sentensi chache zilizokamilika. Na hapa chini ni insha: utangulizi, hoja tano, kila hoja na mfano wake kutoka kwenye Biblia, halafu hitimisho. Ukiulizwa kwa nini, usisimulie hadithi, toa sababu. Ukiandika mbili, msahihishaji anasahihisha mbili. Ukiandika tatu, bado anasahihisha mbili, za kwanza.

"Anayesahihisha si Mungu," aliniambia akirudisha miwani machoni. "Ni mwalimu kama mimi, amechoka, ana mwongozo mkononi. Mungu utamjibu siku nyingine, na siku hiyo hatakupa za kuchagua."

Alidhani amenituliza, maskini. Nilitoka mle nikiwa na hofu mbili badala ya moja.

Siku ya mtihani wenyewe senene walikuwa wameanguka alfajiri, na wapishi wa shule waliwakaanga jikoni, hatua chache kutoka chumba cha mtihani. Harufu iliingia kwa madirisha yote. Niligeuza kurasa hadi kwenye insha. Moja ilihusu Amosi na matajiri waliowaonea maskini. Ya pili ilihusu Yeremia. Ya tatu iliuliza kwa nini Mungu alimkataa Mfalme Sauli, na kila nilipozihesabu hoja zangu zilikuwa nne. Nilijibu Amosi, nikajibu Yeremia, nikarudia maswali mafupi, na nilipoinua macho kwenye saa ya ukutani nilikuwa na nusu saa nzima mkononi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Sauli alikuwa pale kwenye karatasi ananitazama, na muda wa kumjibu ninao, na kalamu ninayo. Mkono wangu ulianza kuandika namba ya swali wenyewe, nikaikata haraka. Mwishowe niliweka kalamu sakafuni na mikono nikaikalia, yote miwili, hadi ikafa ganzi. Msimamizi alikuja akatazama chini ya meza yangu akidhani nina kibomu, ile karatasi ndogo ya kuibia mtihani. Hakukuta kitu. Kengele ilipolia nilikusanya karatasi nikijua, kwa kadiri mtoto anavyoweza kujua jambo, kwamba nimemkalia Mungu kimya mara ya pili.

Mitihani ilipokwisha nilipanda basi hadi Bukoba, kisha gari la Izimbya. Nilimkuta Taata na Mama wameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba wakinyonyoa senene mbawa na miguu, ungo katikati yao. Nilipiga magoti nikawaamkia, nikakaa nikaanza kunyonyoa nami. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema uongo. Taata hakuinua macho aliponiuliza ile Biblia ilikwendaje, na kama maswali yote nimeyajibu.

"Nimeacha moja, Taata."

Mikono ya Mama ilisimama. Ya Taata iliendelea, senene mmoja, wa pili, wa tatu. Nilianza kueleza kwa haraka habari za sehemu ya kwanza na ya pili na insha mbili kati ya tatu, lakini nilisikia sauti yangu inakuwa ya mtoto wa miaka tisa, nikarudia kunyonyoa. Akaniuliza hilo nililoliacha lilitaka nini. Nikamwambia: kwa nini Mungu alimkataa Sauli, sababu tano.

Alimtupa ungoni yule aliyekuwa naye mkononi. "Tano mimi sina," alisema. "Ninayo moja. Aliwaogopa watu. Mwenyewe alimwambia Samweli hivyo."

Kisha akaiweka mikono yake magotini. "Ile siku uliporudishwa, mwana wange, Padre alitaka upite. Alisema mtoto anajua, ni woga tu. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa watasema mwalimu amempendelea mwanawe."

Hakusema samahani, kwa wanaume wa umri wake neno hilo halikuwa na mahali pa kutokea. Alivuta ungo akaendelea kunyonyoa. Mama aliondoka kwenda kukoleza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nami nilikaa pale nikiwa na hasira na huruma kwa wakati mmoja, na sikujua ipi niishike kwanza.

Nilifaulu. Taata alilitangaza hilo kigangoni, na miaka michache baadaye tulimzika kwenye kibanja chake. Sasa mimi ndiye ninayefundisha Maarifa ya Biblia, kwenye shule moja hapa mjini. Wanafunzi wangu wanaujua muundo wa mtihani kabla hawajamjua Amosi ni nani. Wana mitihani ya miaka iliyopita kwenye simu za wazazi wao, wanabashiri insha zipi zitatoka na ipi wataiacha, na wanaiacha bila hata kuitazama mara mbili. Nawaonea wivu kwa hilo. Huwachorea mistari miwili ubaoni kama nilivyochorewa, na swali la Sauli likitokea huwapa hoja zote tano. Ile ya kuwaogopa watu huwa naiandika ya mwisho, haraka, nikiwa nimewapa mgongo.

Nina sababu. Mwaka juzi mwanangu wa kwanza, Kamugisha, alikuwa kwenye darasa langu, na kwenye moko insha zake zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno. Nilizisoma mara tatu nikiwaza walimu wenzangu watasemaje nikimpa A, kisha nikampunguzia maksi kwenye hoja ambazo kwa mtoto wa mtu mwingine ningeziwekea vema. Alipokea B yake akaniuliza amekosea wapi. Nikamwambia asome zaidi. Tangu siku hiyo hakuniletea tena insha nimsomee, na sasa yuko mbali, anasoma kidato cha sita.

Taata alichukua miaka minane kuniambia. Mimi huu ni mwaka wa pili, na Kamugisha sijamwambia. Mwanangu anakuja Jumamosi. Nimeshanunua senene, wabichi, hawajanyonyolewa.