Kijana Wetu wa Qatar

Gari la matangazo lilipita Kariobangi Jumamosi asubuhi, wakati ambapo kila mtu yuko nje. Akina mama walikuwa wanaanika nguo, mafundi wa jua kali wanagonga mabati, watoto wamejaa kwenye ngazi za fleti. Kipaza sauti kikasema serikali inazitafuta familia zenye mtu aliyepotea. Tuje na vitambulisho vyetu tutolewe sampuli ya mate, ili ilinganishwe na miili iliyokaa mochari bila mwenyewe, na ile ambayo kaunti ilikwisha kuizika bila jina. Huduma ni bure. Kituo chetu ni ukumbi wa mtaa, pale pale tunapofanyia harusi na mikutano ya chama.

Nilifunga dirisha. Mama alikuwa amebandika maharagwe, mvuke umejaa chumba kizima, lakini nililifunga. Yeye alikuwa kwenye cherehani yake akishona sare za shule, na hakuinua kichwa. Mguu wake tu ndio uliosimama kwenye pedali.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Kelele tu, mama."

"Si kelele. Wamesema mate."

Nieleze, usije ukadhani sisi ni watu tusio na moyo. Mdogo wangu alitoka nyumbani siku moja ya kazi kwenda kwa fundi aliyekuwa akimfunza kuchomelea milango na madirisha, akatumwa vyuma, na hakurudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kitambulisho hakuwa amechukua. Kila wiki alisema wiki ijayo. Tulimtafuta, naam, lakini tulimtafuta kwa kunyata. Mimi nilipita wodi za hospitali nikijifanya namtembelea mgonjwa. Mama alikwenda kituo cha polisi akafika mlangoni akageuka, kwa sababu askari wa zamu alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu. Mochari ndiko hatukukanyaga kabisa. Mama alisema ukimtafuta mtu aliye hai katikati ya wafu, unamwita aende huko. Mimi ni karani wa ofisi ya bima mjini, nimesoma, siyaamini mambo hayo. Nilimkubalia upesi sana kwa sababu yalinifaa.

Mtaani kwetu kijana akitoweka, watu hawaulizi amepotelea wapi. Wanauliza alikuwa amefanya nini. Kabla ya jioni atakuwa amegeuzwa mwizi, na mama yake atakuwa mama wa mwizi, na wanawake watapunguza sauti akipita. Najua jinsi inavyofanywa. Nimeifanya mwenyewe kwa wengine, kikombe cha chai mkononi.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, jirani yetu wa ghorofa ya chini akatusimamisha langoni. Huyu ni mama mmoja kutoka Ukambani, mjane wa dereva, mwenye kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Mdogo wangu alikula kwake nusu ya utoto wake. Akauliza, "Kijana siku hizi haonekani?"

"Amesafiri," mama akasema.

"Ala! Wapi?"

Mama akaniangalia mimi. Ukutani, nyuma ya jirani, kulikuwa na bango la wakala wa kazi za Uarabuni. Nikasema, "Qatar."

Jirani akapiga vigelegele pale pale langoni. Tukapongezwa na watu ambao hata hawakuwa wakituongelesha. Mchungaji akaomba kwa ajili ya vijana wetu walio ughaibuni, na macho ya kanisa zima yakageukia benchi letu. Nilitaka ardhi ipasuke, na wakati huo huo, nisiseme uongo tena, nilinyoosha mgongo kidogo.

Uongo ule tuliulea wote wawili. Mama alisema bosi wake ni mkali lakini mlo ni mzuri. Mimi nikaongeza joto la huko, na kwamba kazini hawaruhusiwi simu. Krismasi nilimnunulia mama shali ya mtumba pale Gikomba, nzito, rangi ya damu ya mzee, yenye lebo ya maandishi ya Kiarabu. Akaivaa kanisani. Akina mama wakaipapasa wakisema, "Kijana anakumbuka nyumbani." Hakuna aliyejiuliza mtoto asiye na kitambulisho alipata wapi pasipoti. Vijana wa karakana za mtaani nao wakawa wananisimamisha njiani: "Niaje siz? Mwambie bro asitusahau, atuvute na sisi huko." Nami nikawa nawaambia nitamwambia.

Ndiyo sababu nilifunga dirisha. Gari lile lilikuwa linatuita kwa kipaza sauti tuje tusimame kwenye foleni mbele ya mtaa mzima, tuseme kwamba Qatar haipo.

Mama alikata uzi kwa meno. "Nitaenda," akasema.

"Watu watatuona."

"Watuone."

"Mama, tutasema nini kanisani? Tutaficha wapi uso?"

"Mimi nimechoka na Qatar," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kama mwanangu yuko kwa jokofu la serikali, nataka atoke."

Nilimbembeleza kama muuza duka. Mwisho tukapatana: tutaenda, lakini si hapa. Kulikuwa na kituo kingine Fedha, upande wa Embakasi, ambako hakuna anayetujua. Tutaenda Jumatatu, tukirudi tutasema tulikwenda kupeleka sare. Niliona nimefanya jambo la akili.

Jumatatu kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia mifupani, na mama akajifunika ile shali bila kufikiri. Hata mimi sikufikiri. Kule Fedha walikuwa wamesimamisha hema kwenye uwanja wa shule, na watu wameketi kwenye viti vya plastiki wakitazama simu zao. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Sijawahi kuona Wakenya wamekaa foleni wakanyamaza namna ile. Mbele yetu alikuwa ameketi mama mmoja aliyejitanda kitambaa mpaka machoni. Kiti cha mama kilipogonga chake, akageuka.

Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini.

"Hee," akasema.

"Nimemsindikiza mtu," mama akasema haraka.

"Hata mimi," jirani akasema. "Nimesindikiza mtu."

Nilikuwa karibu kusema vivyo hivyo. Sote watatu tulikuwa tumesindikiza watu, na watu wenyewe hawakuwepo. Kijana wake, aliyemaliza shule mwaka mmoja na mdogo wangu, tulijua yuko Kampala, chuo kikuu, anasomea uinjinia. Tulimjua hivyo kwa sababu mama yake ndiye aliyetuambia, muda mfupi baada ya sisi kutangaza Qatar. Nakumbuka niliona wivu: sisi tumepeleka kibarua, yeye amepeleka injinia.

Foleni ikasogea. Mama na jirani walikaa wakiangalia mbele, mabega yakigusana. Mama akavuta shali yake akauliza polepole, "Kampala ni mbali?"

"Mbali kama Qatar," jirani akajibu.

Jirani alimpisha mama atangulie, "Nenda dada, wewe ndiwe uliyetangulia kupoteza," na wakabadilishana viti.

Mezani kulikuwa na binti mdogo mwenye koti jeupe na mikono safi. Jenereta lilinguruma nyuma ya hema, ikabidi mama apaze sauti, na kila alilolisema likasikika na walio nyuma. Nilitamani kumziba mdomo. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Aliyepotea ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi mara ya mwisho unajua?"

"Yuko Qa..." mama akaanza, kwa mazoea, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja.

Binti akauliza kama tuliripoti polisi. Mama akaniangalia, kama siku ile langoni.

"Tulidhani atarudi," nikasema.

"Wengi husema hivyo," binti akajibu, akaendelea kuandika kwenye kompyuta yake. Afadhali angenikemea.

Akauliza alama. Mama, ambaye kwa muda wote ule hakuwa amemtaja mtoto huyo ila kwa uongo, akafunguka. Alisema jino la mbele limemeguka, kwa kufungua soda kwa meno, na alimchapa kwa hilo. Alisema kwenye unyusi wa kushoto kuna kovu la cheche za kuchomelea. Alisema kidole kidogo cha mguu kimepanda juu ya kingine, kama cha baba yake. Kisha akafungua mdomo, akapitishiwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu, na macho yake yakabaki yamefumbwa hata kijiti kilipokwisha kutolewa.

Nyuma yetu kitu kilianguka. Ilikuwa chupa ya chai ya jirani. Alikuwa ameshika nguzo ya hema, uso umemwishia rangi. Akasema ni kizunguzungu, hajala. Alitoa mate yake baada yetu na akaondoka bila kutungoja, bila hata kuaga. Njia nzima nilimwaza vibaya. Nilisema moyoni amekimbia kututangaza kabla hatujafika, nikapanga na maneno ya kumjibu: na wako wa Kampala je?

Hakututangaza. Lakini pia hakupanda tena kwetu, na tukikutana kwenye ngazi alikuwa akitazama viatu vyake.

Simu ilikuja wakati wa mvua za vuli. Tukaitwa ofisini, tukaketishwa, tukaambiwa kwa upole. Sampuli ya mama ilikuwa imelingana na jino lililohifadhiwa la kijana aliyegongwa na gari kwenye barabara kuu, siku ile ile aliyotumwa vyuma. Wasamaria walimwokota. Hakuwa na karatasi yoyote, na alama zake za vidole hazikupatikana kwenye rekodi. Alikaa mochari miezi, hata tangazo la miili isiyotambuliwa likatolewa gazetini. Gazeti hilo ofisini kwetu huwa linaletwa kila asubuhi. Ukurasa ule huwa naupita. Mwisho akazikwa na kaunti pamoja na wengine waliokosa mwenyewe.

Hakuwa amefanya kitu. Alikuwa anavuka barabara. Sisi ndio tuliomfanya mtu wa kufichwa.

Mama alirudi nyumbani, akafungua mlango mpaka ukutani, akakaa kiti cha kuelekea ngazi. Aliyepita akasalimu, alimwambia: mwanangu alikufa, alifia hapa Nairobi, Qatar hakwenda. Mzee mmoja wa kanisa, kwa wema wake, alipendekeza itangazwe kwamba amefia kazini ughaibuni, kupunguza maneno. Mama akamwambia maneno ayaache yawe mengi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai ya wageni, na kila alipoanza kusimulia upya nilifungua bomba la maji.

Jirani alikuja siku ya pili, mchana, watu walipopungua. Alikataa kuketi. Kisha akaketi.

"Nilimwona," akasema.

Mama akamtazama.

"Ilikuwa Januari. Nilikwenda mochari kumtafuta wangu. Wangu hakuwepo, mpaka leo hayupo. Lakini wakanionyesha wote wasio na wenyewe, na mmoja alikuwa na jino lile. Nikasimama. Nikasema huyu ni wa hapa juu. Kisha nikajiambia, wewe mwanamke umechanganyikiwa, wa kwao yuko Qatar, Krismasi juzi amemtumia mama yake shali."

"Mbona hukutuuliza?" nikasema. Nilisema kwa ukali, mimi, kati ya watu wote.

"Ningeuliza vipi? Ningesema mochari nilikwenda kufanya nini, na wangu yuko Kampala?"

Maji yalikuwa yanachemka jikoni na sikwenda kuyaepua.

"Shuka ilikuwa imemteremka," jirani akaendelea. "Nikamfunika. Nikamfunika vizuri mpaka kichwani. Nikamshukuru Mungu kwamba wenu yuko mbali."

Nilidhani mama atapiga mayowe. Badala yake akainama mbele, akauliza taratibu, "Ulimfunika wewe mwenyewe? Si wale wafanyakazi?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono gani?"

Jirani akauangalia mkono wake wa kulia kama hakuwahi kuuona, akauinua kidogo. Mama akauchukua, akauweka mapajani pake, akaushika kwa yake yote miwili.

"Basi aliguswa na mtu wa kwao," akasema. "Asante, dada."

Walilia hapo, wawili, bila kujificha, mlango wazi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama, na ile shali ilikuwa imening'inia mgongoni mwake, lebo imetokeza nje. Niliichukua haraka kabla jirani hajaiona tena, nikazunguka nayo chumba kizima, na sikupata pa kuiweka.