Muziki Usio na Mpigaji

Nilimwahidi mama yake Kulwa kwamba nitalieleza jambo hili hadharani kama lilivyotokea, na kwamba sitatanguliza neno "wanasema" hata mara moja. Nililiona kwa macho yangu, jua likiwa bado juu. Hapa Sapiwi wapo wanaomwita binti yake msukule, yaani mtu aliyechukuliwa kichawi akalimishwa kama maksai. Kulwa hakuwa msukule. Alikuwa mkulima wa pamba aliyekubali kibarua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimefunga ghala lake, na wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, kila mmoja na mizani yake. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na niliamini kwa dhati kwamba uhuru wa kuuza ungeturudishia heshima. Mmoja wa wageni hao alikodi shamba kubwa kando ya barabara ya Bariadi, akaliita kundi letu la kulima.

Sharti nikueleze kundi hilo hulimaje. Kwetu watu husimama safu moja, majembe yakapanda na kushuka pamoja kwa kufuata ngoma. Mpigaji hawatazami wenye nguvu. Humtazama aliye dhaifu kuliko wote. Mgongo wa huyo ukinyooka, ngoma hulegea, na safu nzima hupumzika bila mtu kuaibika. Mpigaji wetu alikuwa Masanja. Dhaifu wa siku ile alikuwa Kulwa, aliyekuwa ametoka kuugua malaria.

Nilipopita alasiri nikitoka shuleni, nilimkuta Masanja ameketi kando ya barabara, ngoma magotini.

"Mwadila, Masanja," nilimsalimu Kisukuma. "Leo umestaafu?"

"Nimestaafishwa, mwalimu. Tajiri anasema ngoma yangu inapumzika mno. Ameleta mpigaji asiyeomba togwa."

Juu ya boneti ya gari palikuwa na redio kaseti kubwa. Ndani yake ilizunguka kanda nyeusi isiyo na maandishi, na muziki wake ulienea shamba zima. Mdundo mzito haukubadilika; juu yake noti chache za kinanda cha umeme zilijirudia, zikajirudia tena, kama cherehani isiyo na mshonaji. Hapakuwa na sauti ya mtu. Hapakuwa na mahali pa kuvuta pumzi. Mgeni alisimama kando, amevaa koti zito katika jua lile, wala hakutokwa na jasho.

"Nani anapiga?" nilimuuliza.

"Hakuna anayepiga, mwalimu. Ulipangwa ndani ya mashine, ukaachwa ujiendeshe. Hii ni albamu nzima."

"Inaisha lini?"

"Ina pande mbili," alijibu kwa upole. "Mwisho haina."

Ndipo nilipoitazama safu. Hakuna aliyeimba. Walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka wa shamba la mgeni, na sasa walikuwa wakiyafyeka mahindi machanga ya mama yake Kulwa, jembe kwa jembe, kwa usawa wa kutisha. Kulwa alikuwa katikati. Mpini wake ulikuwa umelowa damu ya viganja. Nilimwita. Hakugeuka, wala hakupepesa macho.

"Zima," nikamwambia mgeni.

"Zima mwenyewe."

Nilibonyeza kitufe, nikaitoa kanda, nikang'oa na betri. Niamini, ndugu msomaji: kanda nilikuwa nayo mkono wa kulia na betri mkono wa kushoto, na muziki uliendelea vilevile. Ningekuambia nini kingine? Elimu yangu yote haikuwa na neno la kuliitia jambo lile.

Masanja ndiye aliyeinuka. Hakushindana na mdundo ule. Aliipiga ngoma ya kupumzika, taratibu, akimtazama Kulwa. Jembe moja likashuka lisipande, kisha la pili. Watu wakaketi chini wakiomba maji. Kulwa hakuacha. Mama yake alikuja mbio kutoka nyumbani, akamkumbatia, akamnyang'anya jembe, na mikono ya binti ikaendelea kulima hewa.

Mgeni aliichukua kanda mkononi mwangu. "Kazi safi," alisema, akaondoka na gari lake. Muziki ulimfuata.

Nilikwenda Bariadi kushtaki. Ofisa wa wilaya alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, kupiga muziki shambani ni kosa gani? Watu walilazimishwa?"

"Hawakuweza kuacha."

"Wachapakazi hao. Tungepata wengi kama hao."

Nilirudi nikiwa sina imani niliyotoka nayo chuoni, na sijaipata tena. Zamani tulijua mlango wa kubisha tukidhulumiwa. Sasa dhuluma ina gari, na gari halina anwani.

Ukoo wa Zagayu uliokuwa umemposa Kulwa ulikuja kudai ng'ombe wake wa mahari. "Hatuoi msukule," walisema, wakawaswaga mchana kweupe, mbele ya majirani. Kulwa mwenyewe husema vizuri, hupika, hata hunitania kwamba chaki itaniua kabla sijaoa. Lakini akisinzia, mikono yake hupanda na kushuka, na mama yake huishika hadi kunapokucha. Na siku hizi muziki wa namna ile umezagaa, kwenye baa na kwenye harusi. Akiusikia, Kulwa hupiga magoti akaparua ardhi kwa kucha.

Kwa hiyo usimkabidhi mwenye mashine kazi ya kumtazama aliyechoka. Mashine haina macho. Na ukipita Sapiwi na redio yako, naomba uizime hadi uwe umeipita nyumba yao.