Nilichokula Siku ya Pili ya Kufunga

Kwa miaka sita nilikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa letu dogo, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Waliniita Mama Prezidanti, na nilipenda kuitwa hivyo. Nikipita sokoni na beseni langu la ndagaa kichwani, mtu akiniita kwa cheo hicho, niligeuka polepole ili na wengine wapate kusikia. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka humo.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, majani yakaanza kujikunja. Mchungaji wetu, mtu mpole aliyetoka Kivu ya Kusini kama mimi, alitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Alisema tufunge mpaka saa sita mchana, kisha kila mtu arudi nyumbani akale. Alipomaliza alinipa nafasi niseme na akina mama.

Nilisimama nikasema kwamba saa sita ni kipimo cha watoto. Sisi bamama tutafunga mpaka jua lizame. Na sisi viongozi, nikaongeza, tutakunywa maji tu kwa siku zote tatu, chakula hapana kabisa. Watu wakaitika amina kwa nguvu. Mchungaji alinitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Niliomba kwa sauti kuliko wote. Jioni nililala na tumbo tupu na moyo umejaa, nikijiona karibu sana na Mungu.

Siku ya pili asubuhi fundi wa nguo alinipigia simu kutoka Mbarara. Sare zetu za kitenge zilikuwa tayari, lakini alikuwa anafunga duka kesho yake kwenda kwao kuzika, hajui atarudi lini. Akina mama walitaka kuzivaa Jumapili. Ningeweza kumtuma mwingine. Lakini nilitaka kuwa mimi ninayeingia kanisani na mzigo ule, basi nikapanda taksi ya kwanza niliyoipata, tukapita Kabingo jua likiwa tayari kali.

Duka la fundi liko mtaa wa Nyamityobora. Nilipofika aliniambia bado vifungo, nisubiri kidogo. Hicho kidogo kilichukua saa mbili nzima. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka, na pembeni yangu kulikuwa na hoteli ndogo ya chakula, mlango umefunikwa pazia la maua. Kila mtu aliyetoka aliliinua pazia lile, na harufu ya mchuzi wa karanga ikanijia usoni. Kichwa kilianza kuniuma. Mwenye hoteli, mama mmoja Mganda mnene wa kucheka, alitoka kumwaga maji akaniona.

"Nyabo, kuja ndani," alisema. "Jua naua wewe hapo. Nakula nini? Iko matoke, iko wali, iko binyebwa, mchuzi ya karanga. Nyama pia iko."

Nakumbuka vizuri kwamba nilifungua mdomo kuomba maji.

"Leta yote," nikasema.

Nilikaa meza ya ndani kabisa, nimeelekea ukutani. Nilikula matoke na mchuzi wa karanga, nikala nyama, nikafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha ndizi. Sitadanganya kwamba chakula kile kilikuwa kichungu. Kilikuwa kitamu. Aibu ilikuja baadaye, nilipoinuka nikageuka kwenda kunawa.

Mlangoni, mkono wake ukiwa umeshika pazia, alisimama mwandishi wa kundi letu la akina mama. Ni mama Mrundi, mkimya, ambaye kwa miaka yote hiyo aliandika maamuzi yangu kwenye daftari bila kubishana. Nilijua kwamba dada yake amelazwa hospitali mjini, lakini sikuwaza kwamba siku ile alikuwa amekuja kumwona. Tulitazamana. Midomo yangu ilikuwa bado na mafuta. Aliachia pazia akaondoka.

Njia nzima ya kurudi, mzigo wa sare magotini, nilipanga maneno. Nitasema niliugua. Nitasema daktari aliniamuru. Nitasema alimwona mtu mwingine. Lakini nilipofika kambini hakuna aliyeniuliza kitu. Mwandishi alikuwa amerudi, na alikuwa hajasema.

Siku ya tatu tulikusanyika kanisani kwa maombi ya mwisho. Katikati ya maombi kukawa na minong'ono kwenye mlango wa nyuma, kisha wamama wawili wakamleta mbele mama mmoja kijana, mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo zetu. Walikuwa wamemkuta nyuma ya kanisa anakunywa uji.

Watu wote walinitazama mimi. Mwandishi alikuwa benchi la pili, daftari magotini, naye alinitazama. Ningeweza kusema, mwacheni, ananyonyesha. Hilo ndilo neno ambalo mtu yeyote mwenye akili angesema. Lakini nilipoona macho ya mwandishi, hofu ilinipanda, na hofu ile ikatoka mdomoni ikiwa ukali. Nilisema kwamba kuna watu wanaozuia mvua ya wenzao kwa sababu ya tumbo. Nilisema kwamba mtu asiyeweza kushinda kikombe cha uji hawezi kutuongoza katika kumsifu Mungu. Nikamwondoa kwenye nyimbo kwa muda wa miezi mitatu. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyohisi kwamba hakuna atakayefikiria kuniuliza mimi nilikula nini jana.

Mama yule alikaza kitenge kilichombeba mtoto, akatoka kwa mlango uleule wa nyuma.

Kisha, jioni ileile, mvua ikanyesha.

Ilinyesha kweli, mpaka bati la kanisa likazima sauti zetu. Watu walicheza, walilia, walinikumbatia. "Mama Prezidanti, maombi yako iko na nguvu mingi!" mmoja alinipigia kelele sikioni. Wengine walisema ni kwa sababu tumeondoa dhambi katikati yetu. Nilisimama pale nimelowa, nikitabasamu, na sikuwahi kujiona mtu mdogo kama siku ile.

Wiki zilizofuata mahindi yaliinuka, mimi nikawa naporomoka. Sikuweza kukaa karibu na mwandishi. Akishika kalamu nilidhani anaandika juu yangu. Alipougua malaria nilifurahi kwa dakika moja kwamba labda hatakuja mkutanoni, kisha nikajishika mdomo, kama mtu aliyesema tusi, ingawa sikuwa nimesema kitu. Mama kijana hakuja tena kanisani. Nyimbo zetu zilianzwa na mtu mwingine, juu mno, na tulishindwa kuzifikia.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunashiriki meza ya Bwana. Kabla ya kugawa mkate mchungaji hutufundisha jambo lilelile: kila mtu ajichunguze mwenyewe, si jirani yake. Nimelisikia tangu nikiwa msichana. Mwezi wa kwanza baada ya mvua nilikula mkate nikatazama chini. Mwezi wa pili sahani iliponifikia, mkono ulikataa. Niliipitisha kwa aliyekaa kando yangu. Mchungaji aliona. Baada ya ibada hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Mama, unajua mahali pa kwenda. Enda kwanza kule, mimi utanikuta."

Kesho yake nilikwenda kwa mama kijana. Nilimkuta shambani anapalilia, mtoto amelala kwenye kivuli cha migomba juu ya kanga. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, lakini nilipofika nilisema moja kwa moja.

"Siku ile ya pili nilikula. Mbarara. Nilikula matoke na nyama, nikashiba. Kesho yake nikakufukuza wewe juu ya uji."

Aliacha kupalilia. Aliegemea jembe akanitazama, na sikuona huruma usoni mwake.

"Mimi sikukunywa juu ya njaa," alisema. "Njaa naijua, naweza kuibeba. Maziwa ilikuwa inakatika. Mutoto alilia usiku muzima. Ungeniuliza tu, mama. Ungeniuliza tu."

"Nisamehe."

"Mbele ya batu ulinifukuza," akasema. "Mbele ya batu uniite."

Kisha akainama akaendelea kupalilia. Nilitamani aniombe kitu kingine chochote, hata nimlimie shamba lote lile. Lakini alikuwa amesema haki, na njiani kurudi nyumbani nilianza kupumua tofauti, kama mtu ambaye sasa anajua angalau mlango uko upande gani.

Alhamisi ndiyo siku ya mkutano wetu. Nilimwomba mchungaji aje akae nyuma. Mama kijana naye alikuja, akasimama karibu na mlango, mtoto mgongoni, kama asiyeamini kwamba atakaa. Nilisimama mbele, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikujua niweke wapi mikono yangu.

Niliwaeleza yote. Niliwaambia kuhusu fundi, kuhusu pazia la maua, kuhusu nyama. Niliwaambia kwamba kufunga kwa maji matupu nilikuongeza mimi ili wanisifu. Niliwaambia kwamba nilimfukuza mwenzetu kwa sababu niliogopa kugunduliwa, na kwamba mvua haikunyesha kwa ajili yangu. Nikamgeukia mama kijana nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi kwenye nafasi yake. Mwisho nikasema, "Na yuko mtu kati yenu aliyeniona. Amenyamaza miezi miwili. Namshukuru, lakini asibebe tena siri yangu."

Kisha benchi la pili likalia, mwandishi akasimama.

"Mimi niliona," alisema kwa sauti yake ndogo. "Lakini jameni, sikuja pale kumpeleleza mtu. Nilitoka hospitali, miguu inatetemeka. Nilikuwa naingia kula."

Hakuna aliyeelewa kwanza.

"Nilipomuona Mama Prezidanti ndani," akaendelea, "nilisema, Yesu wangu, ameniona! Nikakimbia. Nikaenda restora ya pili, nikakula huko. Na toka siku ile namkimbia yeye. Kila mara akinitazama nadhani leo atanitaja."

Mama mmoja mzee alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akaziba uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Kisha kanisa zima likaanguka. Mmoja akakiri kwamba alitafuna muwa shambani akajiambia muwa si chakula. Mwingine akasema alikuwa anaonja chumvi ya mboga za watoto, akaonja, akaonja, mpaka sufuria ikapungua. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sijui ni dakika gani kucheka kuligeuka kulia. Mwandishi alikuja akanishika. Miezi miwili tulikuwa tumekimbiana, kila mmoja akimwona mwenzake ni hakimu.

Mama kijana hakucheka mara moja. Aliacha vicheko vitulie. Ndipo akatembea kutoka mlangoni, akapita katikati ya mabenchi, akasimama mahali pake pa zamani mbele, akaanzisha wimbo. Aliuanza chini, pale ambapo sote tunaweza kufika. Hakuniambia amenisamehe siku ile. Aliniambia baada ya wiki kadhaa, alipokuja kununua ndagaa, kwa maneno mawili tu, tukaendelea kuongea habari za maharage.

Watu walipotoka, mchungaji alinifuata.

"Mimi nilisema saa sita," aliniambia.

"Ulisema, mchungaji."

"Na mimi pia nina kosa. Nilikusikia unaongeza, nikanyamaza. Niliogopa bamama wataniona imani yangu ni ndogo." Akatikisa kichwa. "Tutaomba wote wawili."

Niliomba kuachia uongozi. Akina mama walikataa, wakasema sasa ndiyo wamenijua. Lakini mimi nilijua kwamba cheo kile bado kilikuwa kitamu mno mdomoni mwangu, nikasisitiza. Mwandishi alishika nafasi, kwanza kwa miezi mitatu, kisha wakamchagua kabisa. Anaongoza bila kelele. Kabla ya kufunga huwauliza wanaonyonyesha, wenye mimba na wanaomeza dawa, anawaambia wale, na hakuna anayeruhusiwa kumchunguza mwenzake. Yeye mwenyewe hasemi kama amefunga au hapana.

Mimi nilipewa kazi ya kuwapokea akina mama wapya wanaofika kambini. Nawaonyesha bomba, soko, kanisa, fasi ya kupanga foleni ya mgao. Mwezi uliopita mmoja wao, aliyefika na watoto wanne, aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini niliacha. Nilimsimulia yote, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake ambayo bado ilikuwa na kuta mbili tu. Nilipomaliza alivuta kiti chake karibu na changu, akaanza kunieleza jambo ambalo, alisema, hajawahi kumwambia mtu tangu avuke mpaka. Nilimsikiliza mpaka mwisho.