Matundu ya Kipaza Sauti

Watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, mimi nilikuwa bado fundi wa simu kwenye karakana ya mgodi, ingawa mishahara ilikuwa imekoma na mitambo mingi imenyamaza. Mwenzangu wa meza alizaliwa Musonoi, mtaa wa hapo Kolwezi, kama mimi, lakini wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Hilo lilitosha. Vijana wa mtaa walimtolea vitu nje, akaenda na mke na watoto kungoja treni kwenye gare, yaani stesheni, ambako watu walilala chini ya maturubai.

Nilipompelekea unga, nilimkuta na masista wa misheni wakikitazama kipaza sauti kilichoungua. Ndicho walichotumia kuwaita wazazi wa watoto waliopotea katika msongamano ule. Kibao cha ndani, chenye njia za shaba za kupitisha umeme, kilikuwa kimegeuka mkaa. Tukakubaliana nitengeneze kingine.

Nyumbani nilikuwa na kipande cha fiba chenye shaba upande mmoja. Nilichora njia kwa rangi ya kucha, nikakichovya kwenye asidi iile shaba isiyopakwa, nikatoboa matundu kwa keekee ya mkono. Ncha niliyobaki nayo ilikuwa moja, nyembamba mno. Transista tuliyoipata badala ya ile iliyoungua ilitoka kwenye redio ya gari bovu, na miguu yake minene haikuingia.

Kesho yake mimi na mwenzangu tulikaa juu ya magunia yake tukiyapanua matundu. Alikuwa amenoa spoki ya baiskeli ikawa na kingo tatu. Nilipoanza kuizungusha kwa haraka, shaba ikainuka kidogo.

“Mama, ingilia upande ya shaba,” mwenzangu aliniambia. “Ukisukuma toka nyuma, itabanduka.”

Nikageuza kibao. Nilizungusha, nikapuliza vumbi, nikajaribu mguu wa transista, nikazungusha tena. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alisimama akaniuliza ninafanya nini na watu hawa. Niliendelea kuzungusha spoki. Mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini nirudi nyumbani.

“Tata, tumalize kwanza,” nilisema, nikimwita baba kwa heshima.

Akaipokea spoki, akamalizia tundu la mwisho. Kijana akaenda zake. Tulilehemu kwa chuma kilichopashwa kwenye makaa, tukaunganisha betri ya gari la misheni. Sista akashika kipaza, akamwita mama wa msichana mmoja aliyepotea, mwenye gauni la njano. Mama yule alikuja mbio toka upande wa bomba la maji, akamkumbatia mtoto.

Treni ya kwenda Kasai ilipofika nilimsaidia mwenzangu kupandisha magunia. “Miye kule sijue mutu,” aliniambia. Nikamshika mkono mpaka behewa likasogea.

Kwa muda mrefu majirani kadhaa hawakunisalimu. Baadaye mfanyabiashara mmoja aliniletea habari: mwenzangu anatengeneza redio sokoni Mwene-Ditu, huko Kasai, mkewe ni mzima. Mtoto wao mdogo alifia njiani, wakamzika kando ya reli.